Ukidhulumiwa Chumba au Dawa, Upige Hodi Wapi?
Maelezo kwa wafanyakazi wa Buteba na wa mpakani Busia



Katika ofisi za matawi huku mpakani, malalamiko mengi yaletwayo na wanachama hayahusu mshahara. Yanahusu chumba na dawa. Mtu amerudi kazini jioni akakuta kufuli la mwenye nyumba mlangoni, vyombo vimo ndani, watoto wako nje. Mwingine amenunua vidonge vya malaria, mtoto amevimaliza siku tatu na homa haijashuka. Mwingine ameombwa pesa katika kituo cha afya cha serikali kabla mkewe hajapewa kitanda. Katibu wa tawi husikiliza, husikitika, kisha husema, "Ndugu yangu, hayo si mambo ya kazi."

Jibu hilo ni kweli nusu tu. Nyongeza ya mshahara iliyopiganiwa mwaka mzima yaweza kuliwa katika mwezi mmoja na kodi iliyopandishwa ovyo pamoja na dawa isiyoponya. Wenzetu wa Tanzania humwita mnunuzi "mlaji", neno lenye kuchekesha kidogo, kwa maana mara nyingi yeye ndiye anayeliwa. Umoja wa Mataifa ulipitisha miongozo ya kumlinda mlaji mwaka 1985, na sheria za nchi zetu mbili zimeongezeka tangu hapo. Lakini sheria haimfuati mtu nyumbani kwake. Yafaa ajue mlango upi wa kubisha, naye awe na karatasi mkononi.

Jambo limetendeka upande gani?

Kwetu swali hili hutangulia mengine yote. Buteba imo katika wilaya ya Busia ya Uganda, wilaya iliyotengwa na Tororo mwaka 1997. Wateso wako pande zote mbili za mpaka, na mfanyakazi anaweza kulala Buteba, kupakua mizigo Busia ya Kenya, na kununua dawa popote alipoona bei imepungua. Tangu mwaka 2018 Busia ina kituo cha pamoja cha mpakani, na Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika Julai 1, 2010. Kwa sababu hiyo watu wengi hudhani malalamiko nayo yanaweza kupelekwa upande wowote. Sivyo. Itifaki haikuunganisha mahakama.

Chumba kilichoko Buteba kinafuata sheria ya Uganda, hata kama mwenye nyumba anakaa Kenya na kodi hupokelewa kwa shilingi za Kenya. Dawa iliyouzwa Busia ya Kenya ni shauri la wakaguzi wa Kenya, hata kama imemezwa Buteba. Nao uraia wako usikutie hofu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, inapotaja afya na makao katika kifungu cha 43, inasema habari za kila mtu, haisemi kila raia. Mwenzetu kutoka Buteba akiuzwa dawa mbovu ng'ambo ana haki ya kulalamika huko huko. Kinachowazuia wengi ni kwamba walivuka kwa njia ya panya, wakaogopa kuulizwa. Hofu hiyo twaielewa, lakini muuzaji mbaya huijua pia, naye huitegemea.

Habari za chumba

Wengi wetu tunakaa katika ile mizigo, yaani vyumba vya mstari mmoja, kila mlango na familia yake, choo kimoja nyuma. Mapatano hufanywa kwa mdomo. Mpangaji hutoa pesa, mwenye nyumba hutoa ufunguo, basi. Siku wakigombana kila mmoja ana hadithi yake, na mwenye ufunguo wa pili ndiye hushinda.

Mwaka 2022 Uganda ilipata sheria mpya ya wenye nyumba na wapangaji, ikaondoa ile ya kuzuia kodi iliyorithiwa tangu enzi za ukoloni. Mambo machache ya sheria hiyo kila mpangaji ayashike. Mapatano ya mdomo yanatambuliwa, lakini yakifikia thamani ya shilingi 500,000 ni lazima yawe ya maandishi ndipo mahakama iweze kuyasimamia. Hata ujumbe wa simu unahesabiwa kuwa maandishi. Chumba cha shilingi 80,000 kwa mwezi, ukijumlisha miezi saba, kimekwisha kupita kiasi hicho. Kwa hiyo ni heri kuandikiana tangu siku ya kwanza, hata kama ni ukurasa mmoja uliochanwa kwenye daftari la mtoto, wenye majina, kiasi cha kodi, tarehe na sahihi za mashahidi.

Kodi haipandi zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Chumba cha 80,000 kinaweza kufika 88,000. Mwenye nyumba akija na 120,000 kwa kuwa wachimbaji wa dhahabu wamekuja na wanalipa bila kuuliza, hana ruhusa ya kukupandishia wewe uliyemo. Kodi iandikwe na kulipwa kwa shilingi za Uganda, isipokuwa ninyi wawili mmekubaliana vingine. Jambo hili si dogo hapa kwetu, kwani shilingi ya Kenya ikipanda, kodi iliyopangwa kwa shilingi hiyo hupanda kimya kimya bila mtu kutamka neno.

Jambo kubwa zaidi ni hili: mpangaji hatolewi ndani ya nyumba bila amri ya mahakama. Kufunga mlango kwa kufuli, kung'oa bati au mlango, kukata maji au umeme ili mtu achoke aondoke, yote hayo yamekatazwa, hata kama mpangaji anadaiwa. Hapa tuseme kweli kwa pande zote mbili. Deni ni deni. Wako wapangaji wanaokaa miezi mitano bila kulipa, kisha wakataja sheria. Na wenye nyumba wengi wa Buteba si matajiri, ni wajane na wastaafu wanaosomesha wajukuu kwa vyumba vitatu. Sheria inamwambia mwenye nyumba aende mahakamani akadai chake. Haimwambii avumilie milele.

Mlango wa kwanza ni kwa mwenyekiti wa LC I wa kijiji. Sheria ya mahakama hizi ya mwaka 2006 iliwapa LC nguvu ya kusikiliza madai ya deni, mapatano na uharibifu wa mali yasiyozidi shilingi milioni mbili. Huhitaji wakili, na shauri husikilizwa kwa lugha ya watu wa mahali hapo. Asiyeridhika hukata rufani parokia, kisha kaunti ndogo, halafu kwa hakimu mkuu. Dai nakala ya uamuzi iliyoandikwa na kupigwa mhuri. Uamuzi wa mdomo hausafiri mbali. Ukitozwa ada, omba risiti.

Shida ni kwamba mwenyekiti pengine naye ana vyumba vya kupangisha, au mwenye nyumba ni shemeji yake. Mkimheshimu kama mzee wa kijiji ni vema, lakini sema wazi kwamba ungependa asiketi katika shauri hilo. Na ikiwa vyombo vimetupwa nje au vimevunjwa usiku huu, usingoje kikao cha Jumapili. Nenda polisi ukaandikishe taarifa, upewe namba ya kumbukumbu. Askari wengine watakuambia hilo ni jambo la madai, si la jinai. Mjibu kwa upole kwamba kumtoa mpangaji bila amri ya mahakama ni jambo lililokatazwa na sheria ya 2022, na kwamba unaomba taarifa yako iandikwe tu. Wapo wanaopenda kukimbilia kwa RDC moja kwa moja. RDC anaweza kutuliza ghasia na kumpigia mtu simu, na simu yake husikika; lakini hatoi hukumu, na neno lake si amri ya mahakama kwako wala kwa mwenye nyumba.

Ukipanga upande wa Kenya, njia ni nyingine. Sheria ya kuzuia kodi, Sura ya 296, inahusu nyumba za kukaa ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Kiasi hicho ni cha zamani, na Nairobi kinachekesha, lakini huku mpakani vyumba vya bei hiyo bado viko. Baraza la kodi husikiliza mashauri hayo, na mwenye nyumba hana ruhusa ya kukutoa wala kukunyima maji kwa hiari yake. Kodi ikizidi hapo, shauri ni la mahakama ya kawaida na mapatano mliyoandikiana.

Mwenye kibanda au duka ana kinga yake mbali, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1965, Sura ya 301. Ikiwa hana mapatano ya maandishi, mwenye jengo hawezi kubadilisha masharti au kumwondoa bila ilani ya miezi miwili iliyo katika fomu maalumu, na mpangaji anaweza kupeleka ilani hiyo kwenye baraza la kodi za majengo ya biashara kabla muda haujaisha. Wengi huiweka ilani mfukoni hadi mwezi wa tatu, wakidhani kunyamaza ni kukataa.

Kwa pesa za amana zilizokataliwa kurudishwa, Kenya iliunda Mahakama ya Madai Madogo kwa sheria ya mwaka 2016. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, inatakiwa kumaliza shauri katika siku 60, na unaweza kujisemea mwenyewe. Ulizeni katika mahakama ya Busia ni ipi iliyo karibu.

Habari za matibabu na dawa

Katika vituo vya afya vya serikali ya Uganda ada za matibabu ziliondolewa Machi 2001, isipokuwa katika wodi za kulipia za hospitali. Kituo cha Buteba cha daraja la tatu, kile cha Busia cha daraja la nne, hospitali ya Masafu na ile ya Tororo ni za serikali. Ukiombwa pesa humo, uliza ni ya nini, na uombe risiti. Swali hilo halina ugomvi ndani yake, na mara nyingi latosha. Ikiwa halikutosha, andika siku, saa, na kazi ya aliyekuomba, kisha mwone mkuu wa kituo. Baada yake ipo kamati ya usimamizi wa kituo, ambayo wajumbe wake ni watu wa hapa hapa, halafu mwenyekiti wa LC III, halafu ofisi ya mganga wa wilaya mjini Busia. Kwa kosa la daktari mwenyewe liko baraza la madaktari Kampala, na kwa wauguzi na wakunga liko lao.

Lakini tusiwageuze wauguzi kuwa adui. Nao ni wafanyakazi, na dawa hazitengenezwi kituoni; huletwa na Bohari Kuu ya Dawa ya taifa kwa ratiba. Zikiisha kabla ya ratiba, muuguzi hana la kufanya ila kukuandikia ukanunue. Kuisha kwa dawa ni jambo moja, kuuzwa kwa dawa ni jambo jingine. Dawa za serikali zina alama ya Serikali ya Uganda na maneno kwamba haziuzwi. Ukizikuta dukani usianze kelele pale pale. Angalia alama, kumbuka duka, kisha peleka habari kwa mkaguzi wa dawa katika ofisi ya mganga wa wilaya.

Msiseme kwamba malalamiko ya mtu mdogo hayafiki. Mwaka 2011 shauri lilifunguliwa Kampala kufuatia vifo vya akina mama wawili wakati wa kujifungua katika hospitali za serikali. Agosti 2020 Mahakama ya Katiba iliamua kwamba serikali, kwa kutotoa huduma za msingi za uzazi, ilikiuka haki za akina mama hao, ikaamuru familia zao zilipwe fidia. Ni kweli kwamba miaka tisa ni mingi.

Kwenye maduka ya dawa ndiko hatari iliko zaidi, kwa kuwa ndiko sote tunakimbilia usiku. Halmashauri ya Taifa ya Dawa, NDA, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1993. Duka halali hutundika leseni ukutani, na leseni hiyo huisha kila Desemba 31. Kwa hiyo soma mwaka. Ujue pia tofauti ya famasi na duka dogo la dawa. Famasi ina mfamasia, nayo huuza dawa za cheti cha daktari. Duka dogo lina leseni ya zile zinazouzwa bila cheti, na kupiga sindano si kazi yake. Mwenye duka anayekwambia, "Lala hapa nikuchome sindano, utapona leo," amekwisha kukuonyesha kwamba leseni yake hakuisoma.

Dawa bandia si uvumi wa sokoni. Mwaka 2011 ziligunduliwa Kenya dawa bandia za kupunguza makali ya UKIMWI, zikiwa na jina Zidolam-N. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo juu ya chanjo bandia ya homa ya ini aina ya B iliyokuwa inazunguka Uganda. Hata hivyo, dawa ikishindwa haina maana ni bandia. Huenda homa haikuwa malaria tangu mwanzo. Pima kwanza katika kituo cha serikali, ambako kipimo ni bure, ndipo umeze.

Ukiwa na shaka juu ya dawa, usitupe kilichobaki. Weka vidonge ndani ya pakiti yake, kwani pakiti ina namba ya toleo na tarehe ya mwisho, na bila namba hiyo mkaguzi hana pa kuanzia. Weka risiti. NDA ina ofisi ya kanda Tororo, si mbali na Buteba. Ikiwa ulinunua Kenya, anayehusika ni Bodi ya Famasi na Sumu ya huko. Lakini kwa kuwa pakiti sasa iko Uganda na jirani yako pengine anayo ya namna hiyo hiyo, waarifu wa Tororo pia.

Kwa anayetibiwa Kenya, mambo mawili. Katiba inakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura, nayo sheria ya afya ya mwaka 2017 imelikazia jambo hilo. Mgonjwa anayevuja damu asiwekwe langoni akisubiri malipo ya kwanza. La pili, Septemba 2015 Mahakama Kuu ya Nairobi iliamua, katika shauri la akina mama wawili waliozuiliwa katika hospitali ya uzazi ya Pumwani, kwamba kumzuia mgonjwa kwa sababu ya deni ni kinyume cha sheria. Deni linabaki, lakini hudaiwa kama madeni mengine. Kwa hiyo, mkiambiwa mama na mtoto hawatoki wodini hadi pesa zipatikane, andikeni barua ya kukiri deni na kupanga malipo, mkiitaja hukumu hiyo.

Mwajiri naye aulizwe

Hapo ndipo katibu wa tawi asiweze kusema kwamba si mambo ya kazi. Sheria ya ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 31, yamtaka mwajiri ampe mfanyakazi makao yanayofaa au posho ya nyumba ya kutosha juu ya mshahara, isipokuwa mkataba umekwisha kuijumlisha posho hiyo ndani ya mshahara. Kifungu cha 34 kinamtaka asimamie matibabu ya mfanyakazi wake anapougua. Basi someni mkataba wenu. Wengine wanalia kodi huku posho ya nyumba imezikwa ndani ya tarakimu moja isiyoelezwa.

Kadhalika, tangu Oktoba 1, 2024, mfuko wa NHIF ulipisha mamlaka mpya ya SHA, na makato ni asilimia 2.75 ya mshahara. Kukatwa si kufika. Piga *147# uone kama malipo yako yameingia, kabla hujamfikisha mgonjwa hospitalini. Yasipoingia, hilo ni shauri la chama mara moja. Upande wa Uganda, aliyeumia kazini anadai gharama za matibabu kwa mwajiri chini ya sheria ya fidia, akianzia kwa afisa wa kazi wa wilaya.

Namna ya kuandika

Barua fupi ina nguvu kuliko hotuba. Mathalan:

"Kwa mwenye nyumba. Mimi ni mpangaji wa chumba cha tatu tangu mwezi wa Februari. Nimelipa kodi ya shilingi 80,000 kila mwezi hadi Agosti, na risiti ninazo. Tarehe 2 ulinitaka nilipe 120,000. Sheria ya mwaka 2022 hairuhusu nyongeza ya zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Niko tayari kulipa 88,000. Naomba jibu kwa maandishi kabla ya tarehe 15. Nakala: Mwenyekiti wa LC I."

Hakuna matusi ndani yake, wala historia ya ukoo. Andika nakala mbili, akupokelee sahihi kwenye ya pili; akikataa, shahidi aliyekuwapo aandike jina lake na tarehe. Na kwa kuwa siku hizi wengi hulipa kodi kwa simu, usifute ujumbe wa malipo. Ikiwa pesa zimekwenda kwa namba ya mtoto wa mwenye nyumba au ya mkewe, jina litakalosomeka mbele ya hakimu ni la mtu mwingine kabisa. Mwambie mwenye nyumba akuandikie mapema, hata kwa ujumbe mmoja wa simu, kwamba namba hiyo ndiyo anayopokelea kodi.